Pale Nilipokwangua Jina la Kasolwa

Masengo mwanangu,

Papa yako yuko barazani anafunga sanduku lako kwa kamba. Hii ni mara ya tatu. Kila akimaliza anakumbuka kitu cha kuongeza, anafungua, anaanza upya na kuilaumu kamba. Wewe uko kwa jirani unasukwa nywele. Mimi nimesema kichwa kinaniuma na nimejifungia chumbani. Kichwa hakiniumi hata kidogo. Ninachotaka ni hizi saa chache za alasiri, kabla hujarudi, nikuandikie jambo ambalo mdomo wangu umelikataa wiki nzima.

Habari za kuchemsha maji, za chandarua na za kupiga simu kila ukipata mtandao utazisikia kwa papa yako, na kesho asubuhi gari likishawashwa utazisikia tena dirishani. Mimi naziruka.

Jumapili iliyopita, tulipotoka misa, ulifungua kompyuta mezani ukaniita. "Mama, kuya uone. Hii si njo mwandiko yako?" Nikavaa miwani. Ilikuwa moja ya zile ramani za zamani za upande wa Luena, nchi ya makaa ya mawe na miti, ambazo timu yenu imepewa ili mkapime mipaka ya misitu na ya vijiji. Mwandiko wangu niliutambua kabla sijaitambua mito: ile K yenye mguu mrefu kuliko inavyotakiwa, ambayo mkubwa wetu wa ofisi alinigombeza juu yake mpaka akachoka. Ulikuwa umefurahi sana. Ukapitisha kidole juu ya kioo, kutoka kwenye reli hadi vilimani, ukafika mahali peupe kati ya vijito viwili, ukasema, "Apa hakuna bantu. Tutapita paka na siku moja."

Siku moja tu. Nikaitika "Eh," nikaenda jikoni kuangalia bukari ya kusonga, ambayo hata maji yake sikuwa nimeyabandika.

Mahali pale pana watu, Masengo. Au palikuwa na watu. Panaitwa Kasolwa, na aliyepafanya kuwa peupe ni mimi.

Niache nianzie mbali kidogo, maana nikikimbilia mwisho nitaanza kujitetea.

Nilipoajiriwa kwenye ofisi ya ramani hapa Likasi nilikuwa na umri kama wako. Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha makubwa, meza zilizolazwa mshazari, na sisi wachoraji tumeziinamia tangu asubuhi. Kazi yangu ilikuwa kunakili. Ramani ya zamani inalala chini, juu yake unatandaza kalki, ile karatasi ngumu inayopitisha mwanga, kisha unafuata kila mstari kwa wino. Kila rangi ilikuwa na kalki yake: moja ya miinuko, moja ya maji, moja ya misitu, na moja ya vitu vya watu, yaani reli, njia, mashimo ya makaa ya mawe na majina. Ukizipanga moja juu ya nyingine dirishani, nchi inatokea polepole, kama mtu anayekujia kwenye ukungu wa asubuhi, kwanza umbo, halafu uso.

Ukifanya hivyo siku nzima unasahau kwamba umekaa. Mkono unapanda kilima, unashuka upande wa pili, unavuka kijito bila kulowa. Siku nyingine nilitoka kazini nikawa natembea kurudi nyumbani Kikula na kuiona barabara nyembamba mno, na watu wote wadogo, wametulia, kila mmoja mahali pake. Nilisalimiwa nisiitike. Nilipenda kazi ile kupita kiasi, na nakuambia hivi ili usidhani nilifanya nilichofanya kwa kuichukia.

Mtu akikosea kwenye kalki, au kitu kikibadilika, raba haifai. Unachukua wembe mpya, unaukwangua wino taratibu mpaka ubaki unga mwembamba, unaupuliza. Kisha unapasugua pale kwa ukucha ili karatasi iwe laini tena na wino mwingine usitambae. Mkwanguaji mzuri haachi alama. Mimi nilisifiwa kwa hilo.

Kitu kingine walichokijua juu yangu pale ofisini ni kwamba nilizaliwa mjini. Niliwaambia mimi mwenyewe, siku ya kwanza, hata hakuna aliyeniuliza. Kweli ni kwamba nililelewa na bibi yangu upande wa Bukama, kijijini kabisa, na sikuvaa viatu vya kufunga mpaka nilipofika darasa la sita. Hata wewe nimekuficha nusu ya hili. Lakini ungeona walivyokuwa wenzangu. Mmoja aliwahi kukosea neno moja la Kifaransa akabatizwa "mutoto ya pori", na jina hilo likamfuata mpaka anastaafu. Mimi nikaapa halitanipata. Viwavi vilivyokaushwa vya sokoni kila mtu alivila, hata mkubwa wa ofisi na tai yake shingoni. Aibu haikuwa kuvila. Aibu ilikuwa kujua vinaokotwaje.

Sasa sikiliza. Mwaka mmoja, kabla hujazaliwa, papa yako akiwa bado ananisalimia kwa mbali tu, ofisi iliamua kusahihisha ramani za Luena. Zilikuwa za zamani sana na vijiji vilikuwa vimebadilika, kingine kimehama, kingine kimechukua jina la chifu mpya. Kiongozi wa safari alikuwa mpimaji mmoja, Papa Gaston, mtu mwema, mwenye mluzi mdomoni kutwa nzima. Alihitaji mtu wa kuuliza majina na kuyaandika bila kuyaharibu. Nikasema mimi najua Kiluba kidogo, cha kusikia sokoni. Cha kusikia sokoni! Lugha niliyoota nayo ndoto zangu zote.

Tuliondoka Luena kwa miguu. Mwanzoni ni vumbi jeusi, kila jani lina vumbi jeusi, na visiki vya miti iliyokatwa zamani kushikilia paa la mashimo. Mahali pengine makaa ya mawe yanachungulia yenyewe kwenye ukingo wa mto, yanang'aa, na juu yake mti umesimama na mizizi yake ndani ya ule weusi. Siku ya pili visiki vikapungua. Siku ya tatu tukaingia kwenye msitu mzima. Mvua zilikuwa zimeanza tu, majani ni mapya, mengine mekundu, na mwanga chini yake ulikuwa wa rangi ambayo kwenye chupa zangu za wino sikuwa nayo. Nilitembea kama mtu aliyelala. Nilijua mahali pa kukanyaga. Miguu ilikumbuka yenyewe.

Kisha nikasikia manyunyu. Yanadondoka juu ya majani, taratibu, kila upande, na mbinguni hakuna hata wingu. Wenzangu wakatoa makoti yao ya mvua wakavaa. Masengo, yale hayakuwa manyunyu. Ni viwavi, maelfu kwa maelfu, viko juu mitini vinakula, na uchafu wao ndio unaodondoka. Bibi yangu alikuwa akituamsha kwa sauti ile: amkeni, msitu unakula. Nilisimama katikati ya wanaume wanne waliovaa makoti kujikinga na mavi ya viwavi, nikakaribia kulia na kucheka kwa pamoja. Nami nikatoa koti langu, nikavaa.

Mchana ule tukafika Kasolwa. Nyumba zilikuwa nzima, zimeezekwa vizuri, milango imefungwa kwa kamba za magome. Hakuna mtu, hakuna mbwa, hakuna kuku. Na mbele ya kila nyumba, kinu kimepinduliwa mdomo chini.

Niliposimama mbele ya kinu cha kwanza nilijua kila kitu. Msimu wa viwavi kijiji kizima kinaingia msituni, wazee, wagonjwa, mbwa na kuku, wanajenga vibanda na kukaa huko wiki tatu au nne, wanakausha viwavi. Kinu ni kizito, kinaachwa, na kinapinduliwa ili mvua isikijaze kikaoza. Watu wanaohama kabisa hawaachi kinu. Bibi alipohama kijiji chake cha kwanza kinu chake kilitangulia kichwani kwa mjomba, kabla hata ya mikeka. Nilizunguka kijiji kile polepole. Nilihesabu vinu tisa, vyote vimepinduliwa, na kimoja bado kilikuwa na unga mweupe kwenye mishipa ya mti.

Papa Gaston akaniuliza, "Bantu ya apa iko wapi? Weye njo unajua Kiluba. Unaona je?"

Nikasema, "Balihama."

"Uko na hakika? Tunaweza kungojea."

Aliniuliza hivyo kabisa. Alikuwa tayari kungoja. Nami nikasema, "Niko na hakika."

Nimetafuta sababu nyingine miaka hii yote, iliyo kubwa zaidi, angalau niwe na kitu cha kukuonyesha. Hakuna. Sikuwa mgonjwa, sikutishwa na mtu, sikupewa kitu. Ili niwaeleze juu ya vinu ilibidi niseme nimejuaje, na nikisema nimejuaje ningekuwa mtoto wa pori. Basi. Kijiji kizima nilikiuza kwa hilo.

Tuliporudi ofisini nilitandaza kalki ya majina, nikachukua wembe. Kasolwa, herufi saba, na ile K yenye mguu mrefu. Haikuchukua hata muda wa kunywa chai. Nikapuliza unga, nikapasugua kwa ukucha. Mkubwa wa ofisi akapita, akaishika kalki dirishani, akasema hata yeye haoni mahali palipokwanguliwa.

Nilidhani imeishia hapo. Kasolwa ni watu wangapi, nilijiambia, na nani anasoma ramani? Lakini wapo wanaosoma. Baada ya muda msitu ule uligawiwa wakataji wa mbao, kwenye ofisi fulani, na watu ambao hawakuwahi kufika kule. Walifungua karatasi, wakaona kijani, na katikati yake peupe pasipo na jina. Magari yalipofika, watu wa Kasolwa wakatoka kuuliza. Wakaonyeshwa karatasi. Wakaenda ofisi moja wakaonyeshwa karatasi, wakaenda nyingine hivyo hivyo, wakaambiwa kijiji kilihama.

Najua haya kwa sababu mmoja wao alikuja Likasi. Aliambiwa ndiko ramani zinakochorwa. Alikuwa mtu mzima, kofia mkononi, shati limepigwa pasi, na alikuwa amesafiri siku sijui ngapi. Wenzangu walikuwa wametoka kula, nikampokea mimi. Akaongea Kiswahili cha kutafuta maneno: "Mama, minye natoka Kasolwa. Banasema hatuko mu karte. Unionyeshe paka pale petu."

Nikaitoa ramani, nikaitandaza. Hakujua kusoma ramani, lakini aliniomba nimwonyeshe reli, akaweka kidole pale. Kisha akafumba macho kidogo, akaanza kutembea. Sijui kusema vingine. Kidole kilikuwa kinatembea na yeye ananong'ona majina ya vijito kwa Kiluba, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilikuwa pale pale, nilikichora mimi. Akavuka cha mwisho, akasimama mahali peupe. Akafumbua macho. Akainua kidole kuangalia kama amepafunika.

Halafu akaniuliza, bila hasira yoyote, "Nani alisema tulihama?"

Nikamjibu, "Sijui, papa. Ni bale ba ku pori njo banaletaka habari. Minye niko paka naandika."

Mwandishi tu, eti. Akavaa kofia yake, kisha akaivua tena ili aniage. Akaniambia "Wafwako," ambayo kwa Kiluba ni asante, akasema na maneno mengine ya kuniombea watoto wema. Nami nikamtazama kama mtu asiyeelewa.

Wewe ulizaliwa mwaka uliofuata. Nilipokubeba mara ya kwanza nilifikiria baraka zile, na nikaogopa.

Tangu hapo huwa naota niko ndani ya ile ramani. Natoka relini, napanda mistari ya kahawia mmoja mmoja kama ngazi, navuka maji ya buluu, kijani kinanifunga. Nafika pale peupe na hapana kitu. Hapana ardhi wala mbingu, ni karatasi tu, laini, imesuguliwa. Nasikia watu wanatwanga, karibu kabisa, ng'ambo ya ule weupe. Siogopi katika ndoto ile. Natamani tu kuingia, nami sina mahali pa kushika. Papa yako akiniuliza asubuhi kwa nini nimechoka, namwambia ni mbu.

Ulipoanza shule nilikufunikia madaftari kwa ramani zilizoharibika wakati wa kuchapwa. Wenzako walikuwa na magazeti ya mpira, wewe hesabu zako zilikuwa na milima mgongoni. Ulikuwa ukiniuliza hapa ni wapi, hapa je, nami nikakusimulia mito na vilima kama mtu aliyezunguka nchi nzima. Siku moja uliweka kidole mahali pale pale, ukauliza kuna nini. Nikasema ni mahali pa kupumzisha macho. Ukacheka, ukaniamini. Nadhani hadithi zile ndizo zimekufanya usomee kupima ardhi, na kila mtu anaponipongeza kwamba mtoto amefuata njia ya mama yake, nabadilisha mazungumzo.

Na Kiluba. Nilikukataza Kiluba. Bibi yangu alikuja kututembelea mara moja kabla hajafa, akakuinamia akakusalimia, na wewe ukamjibu kwa Kifaransa safi cha masista. Akanitazama. Mimi nikajivunia, Mungu anisamehe, nikajivunia mbele yake. Kesho unaenda kwa watu wake, na neno la kuwaamkia huna, kwa sababu mama yako alikuwa na haya ya mahali alipotoka. Katika yote niliyokosea kukulea, na mengine unayajua na umenisamehe kwa kunitania, hili ndilo linaloniuma sana.

Sasa tuko kwenye jambo lenyewe. Timu yenu ikipita pale kwa siku moja na kuandika kwamba hakuna watu, haitakuwa tena karatasi ya zamani ya kulaumiwa. Itakuwa mpya, itakuwa na saini, na moja ya saini itakuwa yako. Wanawake wanaoleta makala, yaani mkaa, sokoni kutoka upande ule wanasema Kasolwa bado kuna watu, si wengi, wanachoma miti iliyobaki. Sikuthubutu kuuliza zaidi. Wengine watakuwa wametawanyika. Uongo wangu ulianzia kwenye karatasi, halafu miti ikakatwa, watu wakaondoka, na kidogo kidogo nchi yenyewe ikaanza kufanana na nilivyoichora.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili, kwa Kifaransa, imepigwa mashine. Ndani yake nimeandika nilichokiona, nilichomwambia Papa Gaston, na nilichokifanya kwa wembe. Nimeweka jina langu na kazi niliyokuwa nayo. Ni ya kumpa mkubwa wako, ukitaka. Najua huu ni mkataba wako wa kwanza. Najua anaweza kukutazama vibaya na kusema mpimaji ambaye mama yake alichezea ramani naye si wa kuaminiwa. Sitakuambia haliwezi kutokea. Sitakuambia ufanye nini pia.

Nikiri na hili. Barua hii ni ya pili. Ya kwanza niliiandika jana, fupi, tamu: nilikuambia tu mkifika kati ya vile vijito viwili mpunguze mwendo, muangalie kama kuna vinu. Ungewakuta watu mwenyewe, ungesifiwa kwa macho makali, na mimi ningebaki mama mwenye mwandiko mzuri. Niliisoma mara mbili. Ilikuwa imekwanguliwa vizuri sana, haikuwa na alama. Nikaichana.

Papa yako bado hajui. Nitamwambia leo kabla ya chakula. Naona aibu, Masengo. Nimeona aibu miaka mingi kwa kitu kisichokuwa na aibu yoyote, na hii ya kweli nikaificha. Nakupenda kiasi kwamba ningeweza kukuacha uende bila kujua, na nusura nifanye hivyo.

Mkifika, na kama wapo, watakuuliza tu. Mtu yule alishauliza, na kama hayupo tena, watoto wake watauliza: nani alisema tulihama? Usiwajibu "ofisi". Usiwajibu "ramani ya zamani". Taja jina langu lote, la nyumbani na la ubatizo, Mwadi Marceline, na uwaambie ni mama yako. Wakikufukuza, ondoka kwa heshima, wana haki. Wakikuacha ukae, nipigie simu siku hiyo hiyo. Nitapanda gari lolote litakalopatikana, nije niwajibu mimi mwenyewe, kwa Kiluba.

Mama yako,
Mwadi